Ombi la Chumba cha Mama Mkwe

Kwa Bwana Mkubwa wa Ofisi ya Vibali vya Ujenzi,

Mke wangu amekufa. Tumeshazika.

Nilikuja ofisini kwako kuomba kibali cha kuongeza chumba. Karani wako akacheka. Akasema, mzee, mlikuwa wawili, mmoja kafa, sasa hicho chumba cha nani, cha upepo? Foleni nzima ikacheka naye. Mimi majibu hunijia nikishafika nyumbani. Ndiyo maana naandika.

Nyumba yangu ni vyumba viwili, cha mbele na cha nyuma. Mlango wa nje ni mmoja, uko mbele. Choo kiko uani. Mimi ni kibarua wa zege, nimewapandishia watu ndoo mpaka ghorofa ya nne, kwangu hata sakafu haijanyooka. Malalamiko ni haya:

1. Mama mkwe alikuja msibani, hajaondoka. Analala chumba cha mbele. Mkeka wake unaanzia mlangoni kwangu, unaishia mlango wa nje. Nikitaka kwenda chooni alfajiri lazima nimruke. Bwana Mkubwa, una mkwe? Wewe utamruka?

2. Kwa hiyo natokea dirishani. Natanguliza kopo la maji, halafu mguu. Juzi jirani akaniitia mwizi. Watu wakaja na fimbo. Mama mkwe akatoka akawaambia, mwacheni, huyo mkwe wangu, ana adabu sana. Adabu yenyewe imenichania suruali kwenye msumari.

3. Anapika vizuri. Hili nalo ni lalamiko. Kwa heshima hatuli pamoja. Anaweka sahani mlangoni kwangu, anagonga ukuta, anakimbilia uani. Mimi nikimaliza naweka sahani pale pale, nagonga, narudi ndani mbio. Mzee mzima. Tunaishi kama walinzi wa zamu mbili.

4. Anakohoa. Haumwi, ni mazoea. Anakohoa mara mbili, anatulia, halafu anamalizia cha tatu. Ukuta wa katikati mwembamba, nasikia vyote. Silali.

5. Basi kibali kiwe hivi. Chumba kimoja ubavuni, cha mama. Akipata chumba atataka mlango wake. Akipata mlango atataka jiko. Mwenye jiko hakosi wageni, na wageni wake wote ni wakwe zangu, nao siwezi kuwaruka. Kwa hiyo kila mgeni na chumba chake. Katikati upite ukumbi mrefu, tusikutane. Nimeshatembea na kamba kupima. Ukumbi unapita jikoni kwa jirani, yule yule wa mwizi, simwonei huruma. Unavuka barabara. Unaishia ofisini kwako. Kwako kuna nafasi, niliona mlango ulipofunguka: mtu mmoja, meza tatu. Mimi nitalala hapo. Sasa karani amejua chumba ni cha nani.

Zege nitachanganya mwenyewe. Ila ukuta wa kunitenga na mama uwe mnene, tofali mbili mbili, kikohozi kisipite.

Nisalimie watu wa nyumbani kwako, wakwe zako hasa, usiwakanyage. Karani naye msalimie, akishamaliza kucheka.

Ni mimi,
Mzee wa Zege,
nyumba yenye dirisha lililolegea.

Nyongeza: Nilikuwa nafunga barua, nikasikia mama mkwe anafunga mizigo. Akasema, ukuta uko katikati yetu, acha niseme, baba, nimekubana vya kutosha, kesho kutwa naondoka. Nikamwambia magari yamegoma.

Magari yapo.

Marehemu alikuwa anakohoa hivyo hivyo. Mara mbili, anatulia, halafu cha tatu. Niliposema silali sikusema nakereka. Huwa nakingoja kile cha tatu.

Kwa hiyo kibali acha. Ukuta usinenepe. Nahitaji bawaba za dirisha tu, na hizo hazina foleni. Kesho narudi kazini. Nitapitia dirishani.