Yai Viza Mfukoni mwa Mwanakemia

Jumatatu, 3 Machi
Mimi Masinde nimevumbua karatasi! Ya buluu, nimeipaka unga wa chumvi ya shaba niliousaga mwenyewe katika maabara ya chuo. Ikinusa ile gesi ya sumu inayotoka na mvuke wa ardhini kwenye visima vya kuzalisha umeme, inageuka nyeusi. Ijumaa wageni wa kampuni ya mvuke wanakuja Nakuru kuchagua uvumbuzi wa kujaribiwa visimani. Mmoja tu. Mama ameshatangaza kanisani kule Gilgil kwamba ni wangu. Walipiga makofi.

Jumanne, 4 Machi
Nimeijaribu. Imegeuka baada ya nusu saa. Kizuri hakitaki haraka. Jeruto, wa meza ya jirani, ana kidude cha waya kinacholia papo hapo kama mbuzi kikinusa gesi hiyo. Profesa Ogada, msimamizi wetu, amemsifu. Mimi aliniambia nifunge dirisha. Mzee ananionea wivu.

Jumatano, 5 Machi
Akili ni mali! Yai viza hutoa gesi ileile. Nitalificha mfukoni mwa koti, nilitoboe kwa sindano, nipitishe karatasi pale. Itageuka kabla mgeni hajapepesa jicho. Nimekwenda kwa Rahab, anayefuga kuku nyuma ya hosteli. Kuku wake ametotoa, limebaki moja. "Boss, hilo hata mbwa amekataa," akasema. Nikamjibu kwamba sayansi haichagui.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu! Nilipoinama kusalimia wageni, mfuko uligonga meza. Pwa! Na karatasi zangu zote zilikuwa mfukoni humohumo. Nyeusi tititi, kabla hata chupa ya gesi ya majaribio haijafunguliwa. Nikawaambia ndiyo rangi yake ya kuzaliwa. Hapo kidude cha Jeruto kikaanza kulia. Profesa akasema kimeharibika, nami nikamuunga mkono kwa nguvu. Jeruto akakibeba huku na huku, kikazidi kulia, mpaka kikafika mfukoni mwangu. Wageni walipiga makofi, kisha wakaziba pua. Wamemchagua yeye. Mimi naosha vyombo vya maabara hadi Pasaka. Nimeumia, sikatai. Mama nitamwambia nini?

Jumamosi, 8 Machi
Nimempigia Mama. Nimemwambia tumeshinda. Si uongo! Bila yai langu, kile kidude kingelilia nini? Na karatasi iligeuka mara moja, tena gizani, ndani ya koti. Nani mwingine amefanya hivyo? Nimemkumbusha Jeruto aandike jina langu kwanza kwenye ripoti yake. Amecheka mpaka akakaa chini. Mwezi Mei kuna maonyesho mengine, na kuku mwingine wa Rahab ameatamia. Nimeagiza mayai mawili. La pili ni la akiba.