Bukta Yenye Sponji

Kitwana alisimama mbele ya duka la vitambaa la Chandu, Mchafukoge, akijifanya anachagua kitambaa cha suruali. Macho yake hayakuwa kwenye kitambaa. Yalikuwa kwenye mlango mdogo pembeni ya duka, uliofungwa kwa kufuli kubwa kuliko mlango wenyewe. Fremu, chumba cha kufanyia biashara. Na ndani yake, kwa kuchungulia kwenye ufa, hakukuwa na kitu.

Zilikuwa siku za ruksa. Kila mtu mjini alikuwa anauza kitu, na asiyekuwa na cha kuuza alitafuta pa kuuzia. Mwenye fremu alipewa shikamoo na watu waliomzidi umri. Kitwana, promota wa ngumi za kulipwa, alikuwa na koti la mitumba lenye mfuko mmoja wa kweli na mwingine wa kushonewa juu juu kama picha. Ofisi yake ilikuwa ndani ya koti hilo, upande wa picha.

"Umemwona huyu?" Chandu alimwambia, akimnyooshea kidole Elibariki, aliyekuwa anashusha robota la khanga kutoka kwenye mkokoteni kama anayeshusha mto wa kulalia. "Jumapili anapigana na yule wa bandarini, Uwesu Kontena. Nyundo haanguki, bana! Miaka yote ananibebea mzigo, hata kujikwaa sijamwona."

Watu wengine wakisikia majivuno hunyamaza na kwenda zao. Kitwana akisikia majivuno husikia kengele ya chakula.

"Chandubhai, pambano nimeliandaa mimi, na wewe nakuheshimu," alisema kwa huzuni ya daktari. "Lakini moyo unaniambia Nyundo ataanguka raundi ya tatu."

"Moyo wako umesomea wapi?"

"Una uzoefu."

"Basi weka kitu. Tusibishane kwa mate."

"Akianguka raundi ya tatu, hiyo fremu naikalia mwaka mzima bila kodi."

"Asipoanguka?"

Kitwana alipekua mfuko wa kweli, akakuta kiberiti. Alikipekua kwa mawazo chumba chake cha Kariakoo: kitanda, jiko la mkaa, beseni. Akafika kwenye kitu kimoja chenye thamani, na kwa bahati mbaya hakikuwa chake.

"Cherehani," alisema. "Ya miguu. Inashona mpaka turubai."

"Si ya mkeo?"

"Mimi na mke wangu ni kitu kimoja, Chandubhai."

Ikumbukwe kwamba nusu ya kitu hicho kimoja, dakika ile ile, ilikuwa nyumbani inashona sare za shule huku mtoto amelala mgongoni, na haikuulizwa. Cherehani hiyo ndiyo ilikuwa uji wa mtoto, mkaa wa jiko, na hata nauli ya promota kwenda kwenye vikao vya mapromota.

Chandu akatoa mkono. Wakashikana.

Kumnunua bondia si kazi ngumu. Kazi ni kujua anataka nini. Elibariki hakutaka mkanda wala picha yake gazetini. Alitaka matairi mawili mapya ya mkokoteni. Kitwana akamletea moja siku ile ile.

"La pili utalipata ukishaanguka."

"Liko wapi sasa hivi?"

"Lipo," alisema Kitwana, na hakusema uongo. Lilikuwepo, ila lilikuwa bado kwenye gari la mtu.

Kuanzia hapo mkokoteni wa Elibariki ulipita Kariakoo umeinama upande, tairi moja likiwa jipya na linang'aa, jingine limechakaa kama kandambili ya msikitini. Wauza nyanya waliuliza. Yeye alicheka tu, akaangalia pembeni. Mtu mwenye ngumi kama zile Mungu hakumpa na uongo, angekuwa amezidishiwa.

Siku ya kupimwa bukta alifika kwa Klara, mke wa Kitwana. Klara alimzungushia futi kiunoni, pini mdomoni, na mtoto Severa akiwa sakafuni anatafuna kibonge cha nyuzi.

"Rangi gani, shemeji?"

"Nyekundu. Halafu, shemeji," Elibariki alishusha sauti, "huku nyuma ungeniwekea sponji kidogo."

Klara akatoa pini mdomoni. "Sponji? Ya nini?"

"Basi tu. Ulingo wenyewe mbao."

"Shemeji, mimi nimewashonea mabondia wanne. Wote waliniuliza kama bukta itawabana wakirusha ngumi. Wewe ni wa kwanza kuniuliza habari za makalio."

Elibariki alitazama dari kama anayesoma kitu kilichoandikwa pale.

"Umepanga kukaa, si ndiyo? Ndiyo maana mkokoteni una tairi jipya upande mmoja."

"Shemeji, usimwambie Kitwana nimekwambia!"

"Hujaniambia. Umeniomba sponji."

"Lakini usiwe na wasiwasi," alijitetea, akitaka kusaidia. "Kitwana kasema nikianguka vizuri, hata cherehani yako iko salama."

Severa aliacha kutafuna nyuzi. Klara aliweka mkono juu ya cherehani, taratibu, kama anayempima mtoto homa.

"Cherehani yangu imeingiaje ulingoni, shemeji?"

Akaelezwa yote. Elibariki hakuacha hata koma.

"Utaanguka?" aliuliza Klara.

"Tairi, shemeji. Nitembee nimeinama mpaka lini?"

Klara hakubishana naye. Alimalizia kupima, akamfunga mtoto mgongoni kwa khanga, akatembea hadi Mchafukoge. Hakwenda kwa Chandu. Alipita mlango wa nyuma, kwa mke wa Chandu, Shobhana, aliyekuwa anaanika pilipili za achari.

"Mama Jeet, ile fremu ndogo ni ya nani?"

"Ni yangu. Mwezi ujao naweka bangili na achari. Kwa nini, Mama Severa?"

"Kwa sababu mzee wako ameiweka dau kwenye ngumi. Na wangu ameweka cherehani yangu."

Shobhana aliiweka chini sinia ya pilipili. Alisema neno moja la Kigujarati ambalo halikuhitaji mkalimani.

"Kaa," alisema. "Tunywe chai. Hawa wanaume wawili wamekutana."

Jumapili alasiri ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Ulikuwa ukumbi wa sherehe, nyuma ya maduka ya Kariakoo, na ulingo ulifungwa chini ya maua ya karatasi ya harusi ya jana yake. Nasi tulikuwepo, sisi wa Kariakoo tunaojiona wajanja wa Bongo nzima. Tulilipa kiingilio kutazama pambano ambalo mkokoteni wenyewe ulikuwa umetutangazia matokeo wiki nzima, na bado tuligombea viti vya mbele.

Kitwana, koti limepigwa pasi, alishika maiki. "Pambano la karne! Nyundo wa Kariakoo, na Kontena wa Bandarini!"

Uwesu Kontena alipanda taratibu. Alikuwa ameshaambiwa mwenzake ataanguka mwenyewe, kwa hiyo badala ya mazoezi alikula biriani, sahani mbili, na ya pili ilikuwa bado haijapata mahali pa kukaa.

Raundi mbili za kwanza walipigana kama watu wanaofukuza inzi kwenye chakula cha jirani. Chandu, kiti cha mbele, alipiga kelele mpaka miwani ikamdondoka. "Nyundo! Mpige, bana! Mzigo huo, shusha!"

Kengele ya tatu ikalia. Uwesu akarusha ngumi iliyopita mbali na sikio la Elibariki. Elibariki akafumba macho, akaanza kukunja magoti, akichagua pa kukalia. Akapeleka mkono nyuma kuhakikisha sponji.

Hakukuwa na sponji. Bukta ilikuwa imeshonwa safi, nyepesi, kitambaa kitupu.

Magoti yakasita. Na hapo hapo, kutoka mlangoni, vigelegele vikapasuka.

Waliingia akina mama wa soko, wauza nyanya, wauza dagaa, wauza mitumba, wamevaa khanga sare, Klara mbele na mtoto mgongoni. Wakapita katikati ya viti wakiimba, wakacheza hadi kwenye kamba, wakaanza kumtunza bondia. Mmoja alimtupia khanga begani, mwingine akamwekea sufuria miguuni, mwingine akambandika noti kwenye paji la uso lenye jasho, nayo ikashika. Refa, ambaye jana yake alikuwa mshereheshaji wa harusi ukumbini humo humo, alisogea kuwapisha bila hata kufikiri.

Kwetu anayetunzwa hukaa palepale uwanjani mpaka mtunzaji wa mwisho amalize. Kuondoka ni matusi. Kulala chini hakuna aliyewahi kuthubutu, hata kwa ugonjwa.

"Anguka, bwana!" Uwesu alinong'ona. "Mimi nimechoka!"

"Kaka, huoni natunzwa?"

Kitwana, pembeni ya ulingo, alikuwa anabonyeza hewa kwa viganja viwili, chini, chini, kama anayemtuliza mbwa wa mtu.

Ndipo akaingia Shobhana. Alikuwa amevaa sari ya kijani, ameipandisha kidogo isikanyagwe, na anavingirisha tairi. Jipya, limefungwa utepe. Ukumbi mzima ukasimama. Chandu naye akasimama, kisha akakaa, kisha akasimama tena.

"Shobhana! Umelitoa wapi?"

"Nimelinunua kwa hela ya droo ya duka lako. Ni rahisi kuliko fremu!"

Akaliegemeza kwenye nguzo ya kona ya Elibariki. "Nyundo! Hili ni la aliyesimama. Ukikaa, narudi nalo."

Elibariki alilitazama tairi. Akamtazama Kitwana. Kisha akafungua macho vizuri, kwa mara ya kwanza mchana ule, akarusha ngumi moja ya kweli, si kubwa sana, kwenye eneo la biriani.

Uwesu Kontena alikaa chini. Na alipokaa, maskini, hakuwa na sponji.

Refa akahesabu. Maiki ilikuwa mkononi mwa Kitwana, na ukumbi ulikuwa unamsubiri. Alilazimika kumtangaza mshindi yeye mwenyewe, kwa sauti iliyokuwa inatoka kwenye mfuko wa picha.

Jumatatu asubuhi Elibariki alifika kwa Kitwana na mkokoteni umesimama sawasawa, matairi yote mawili mapya, kuchukua cherehani.

"Nauli kwanza, promota."

"Eli, ndugu yangu..."

"Basi sukuma nyuma."

Kitwana alisukuma kutoka Kariakoo hadi Mchafukoge, koti begani, akiwasalimia watu kwa kichwa kama mtu anayesimamia kazi. Klara alitangulia na mtoto, hana haraka.

Barazani kwa Chandu palikuwa pamefagiwa. Palikuwa na kiti, taa ya kuning'inia, na mkeka mdogo wenye kijimto cha sponji. Fremu ilikuwa wazi, bangili zimening'inizwa mlangoni.

"Cherehani nimeshinda mimi," Chandu alisema, akimtazama mke wake kabla ya kuendelea. "Lakini nimeambiwa inakaa hapa barazani, na anayeitumia ni Mama Severa. Mteja akinunua kitambaa kwangu, anashonewa hapo hapo. Hela ya ushonaji yake. Bana, na mimi nimeshinda kweli?"

"Umeshinda sana," alisema Shobhana.

Klara alikaa, akaweka mguu kwenye pedali, akasikiliza mashine ikiitika. Akatabasamu peke yake, kidogo.

"Si nilikwambia, mama?" Kitwana alianza, kifua mbele. "Si nilikwambia mwaka huu tutapata mahali Mchafukoge? Mipango yangu huchelewa tu, ila..."

"Baba Severa, shika mtoto."

Akamshika. Akakaa naye ukingoni mwa baraza na kumweleza, taratibu, kwa sauti ya kibiashara, habari za pambano la mwezi ujao: mabondia wawili wa Buguruni, wepesi kuelewa, hatari hakuna kabisa. Severa alimsikiliza mpaka mwisho bila kupepesa macho. Kisha akamlowesha.

Koti lilikuwa na mfuko mmoja tu wa kweli, na mtoto aliupata mara ya kwanza.