Dunia ya Plastiki

Jumatatu, 15 Oktoba 1984

Luul mke wangu,

Habari kubwa! Jumamosi, Sikukuu ya Kenyatta, kuna chemsha bongo ya jiografia hapa Isiolo. Zawadi ni dunia ya plastiki, ile ya duara inayozunguka. Ile uliyoitamani dirishani kule Nanyuki, ukauliza kama Isiolo imeandikwa. Sikukununulia. Sasa nitaishinda, niiweke pale ulipokuwa ukikaa. Nani ataniweza? Miaka yote uliniuliza miji ya dunia ukimimina chai, na nikikosea, hakuna sukari. Nilikunywa chai tamu, Luul. Karibu kila siku.

Kikwazo ni kimoja. Kulmiye wa duka la vitambaa naye amejiandikisha.

Jumatano, 17 Oktoba

Nimepata hila! Nimemwazima Kulmiye atlasi ya marehemu baba, aliyorudi nayo kutoka vita vya Burma. Majina mengi humo yamekufa. Mimi nasikiliza taarifa ya habari kila jioni. Kulmiye anasikiliza cherehani. Aliniita ndugu, akanishukuru mpaka nikaona haya. Kidogo tu.

Jumamosi, 20 Oktoba

Nimeonewa!

Muulizaji alikuwa Tadicha, dalali wa mnada wa mifugo, kwa sababu sauti yake haihitaji spika. Kamati haikuwa na kitabu cha kutungia maswali. Kulmiye, kwa ukarimu wake, akawapa atlasi. Atlasi yangu!

Nikaulizwa mji mkubwa kwenye mto Kongo. Kinshasa, nikasema, kifua mbele. Tadicha akachungulia kitabu, akasema nimekosa, ni Leopoldville. Kisiwa kilicho kusini mwa India? Sri Lanka. Nimekosa tena, ni Ceylon. Denge, dereva wa lori, akapiga kelele kwamba mimi, mzee Shuriye, nimepata. Tadicha akamwambia aendeshe lori, kitabu ndicho hakimu. Kisha akagonga fimbo chini kama mnadani. Fimbo yake ikigonga, ng'ombe ameuzwa, hata kama ana miguu mitatu.

Ningesema kitabu ni cha zamani? Wangeuliza ni cha nani. Jina la baba liko ukurasa wa kwanza. Nikarudi kitini kwa heshima.

Kulmiye alijibu yote. Alikuwa amesoma, mjinga yule.

Jumapili, 21 Oktoba

Nilipita dukani, kwa bahati tu. Dunia yako iko juu ya meza, katikati ya majora ya kitambaa. Niliizungusha polepole. Nairobi ipo. Isiolo haipo, Luul. Nikaweka kidole pale inapopaswa kuwa.

Kulmiye aliniona. Akasema niichukue nyumbani wiki moja, kwa kumbukumbu ya shemeji Luul. Nilikataa. Mimi si mtu wa kuazima dunia! Nilidai atlasi yangu tu, nikaondoka nayo.

Njiani Tadicha akaniambia nisihuzunike, mwakani kamati itanunua atlasi mpya, yenye majina ya leo. Nilicheka moyoni. Janja ya dalali hiyo! Anataka nisisome ya zamani.

Kwa hiyo nimeanza leo leo. Ceylon. Siam. Tanganyika. Nimejiuliza mwenyewe huku nikimimina chai, nikajibu Leopoldville bila kusita. Nikatia vijiko viwili vya sukari. Mwakani dunia ni yetu.

Nikumbuke, Luul.