Mwizi wa Shaka Zangu

Jumatatu, 4 Machi
Nimeibiwa. Si pochi, si simu. Fikra!

Mpimaji, mwenzangu anayepima macho ya wateja dukani (mimi nakata vioo vya miwani na kuvitia kwenye fremu), leo kanionyesha blogu ya falsafa iitwayo Ungo. Haina matangazo, haina picha, haina jina la mwandishi. Asiye na hila huficha jina la nini? Nikasoma: "Shaka ni mlango wa maarifa. Lakini namjua mwanamume aliyeugeuza mlango huo kuwa kufuli. Hutia alama ya kalamu kwenye chupa ya mafuta ya kupikia, apate kujua nani kapunguza."

Kwanza, shaka kuwa mlango ni hoja yangu. Niliiandika mwezi uliopita kwenye blogu yangu mwenyewe, Kurunzi ya Hekima. Pili, chupa ni yangu!

Mpimaji akasema Ungo ina wasomaji kibao. Alilisema hilo kwa furaha. Nimemweka jichoni.

Jumanne, 5 Machi
Washukiwa wawili. Wa kwanza, Mpimaji. Wa pili, Shemeji, kaka wa mke wangu, aliyekuja kutusalimu mwaka jana na bado anatusalimu. Kutwa yuko kwenye kochi letu, simu mkononi. Nilimuuliza anasoma nini. Akajibu mpira. Jibu la haraka mno.

Mke wangu simshuku. Ni karani wa shule. Akirudi anajishughulisha na simu yake na mambo yake. Jioni, akikatakata vitunguu, aliniuliza kama mtu anaweza kumpenda asiyemwamini. Nikamuuliza nani kamtuma. Vitunguu vile vilikuwa vikali, maana vilimtoa machozi.

Jumatano, 6 Machi
Mtego! Nimemnong'oneza Shemeji kwamba siku hizi siamini kama viti vipo chumba kikiwa hakina mtu. Mpimaji nimemwambia naogopa kivuli changu. Uongo mtupu, yote mawili. Utakaotokea kwenye Ungo ndio utakaomtaja mwizi. Furaha ilinizidi, nikamsimulia mke wangu mpango mzima. Alicheka hadi akakaa chini. Raha iliyoje kuwa na mke anayethamini akili.

Ijumaa, 8 Machi
Ungo imetoa yote mawili! Kiti na kivuli! Hata neno "mtego" limo. Basi jawabu ni moja: Shemeji na Mpimaji lao moja.

Nilimwita Shemeji dukani kwa kisingizio cha kupimwa macho, nikawakutanisha uso kwa uso, nikapaza sauti: "Mmejulikana!" Wakatazamana kama watu wasiojuana. Waigizaji hodari! Kisha Mpimaji akamuuliza Shemeji anashabikia timu gani. Kumbe ileile. Wakaenda kunywa chai pamoja. Mimi nikaachiwa mteja, mama mmoja wa makamo, na kwa hasira zangu nikamtilia kioo cha kulia kushoto. Akitoka alijigonga kwenye mlango, akauomba radhi. Bosi amenipa onyo la mwisho.

Jumamosi, 9 Machi
Dawa ya moto ni moto. Nimeingia Ungo kwa jina la Profesa Mkweli, nikaacha maoni. Nimemwambia mwandishi kwamba ni debe tupu, kwamba anaficha jina kwa sababu ni mwoga, na kwamba namhurumia yeyote anayeishi naye nyumba moja. Sentensi hiyo ya mwisho nimeirudia kwa sauti mara kadhaa. Tamu!

Mke wangu hakula. Alikunja nguo chache, akazitia mkobani, akasema anakwenda kwa dada yake. Nikamuuliza nani kamtuma. Akafunga mlango taratibu. Heri angeubamiza.

Jumapili, 10 Machi
Nyumba imepooza. Nikamhoji Shemeji: dada yake kaambiwa nini, na nani? Hakuinua hata macho. Akasema, "Shemeji, wewe soma Ungo tu."

Nikasoma. "Jana mume wangu aliniletea maoni. Jina amelificha, lakini Profesa Mkweli ndivyo anavyojiita mbele ya kioo akinyoa ndevu. Anasema anamhurumia anayeishi nami. Nami namhurumia."

Nilikaa chini. Kiti kilikuwepo.

Miguu ikanipeleka kwa yule dada wa mke wangu. Mke wangu akatoka, tukasimama kwenye ngazi. Hotuba niliyoiandaa njiani ilinipotea. Nikamuuliza tu kwa nini hakuniambia.

"Nikikuuliza kitu mezani, unaniuliza nani kanituma," akasema. "Kule nikiuliza, watu wananijibu."

Akanieleza kwamba alianzia kwenye Kurunzi yangu. Msomaji wake pekee alikuwa yeye. Ikawa blogu moja inampeleka kwenye nyingine: muuguzi anayeandika kuhusu kifo, dereva wa lori anayeandika kuhusu muda, watu asiowajua waliomfanya asimame jikoni na mwiko mkononi, chungu kikiungua. Naye akatamani awe na pake pa kufikiri. Alitaka kuniambia. Aliogopa nitamkagua.

Nilimpokea mkoba. Nadhani nililia kidogo. Nikamwahidi kwamba simshuku tena, yeye wala mja yeyote. Akanitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo, kisha akasema haya, twende.

Jumatano, 13 Machi
Amani tele. Mke wangu sasa ananisomea makala zake kabla ya kuzitoa, nami nasikiliza bila kukatiza. Leo ameandika kuhusu msamaha. Nimeguswa hasa.

Ila kuna mtu anayejiita Mpita Njia. Ameacha maoni: "Nakubaliana nawe kwa moyo wangu wote." Moyo wote! Mpita njia ana safari zake. Moyo wote anautoa wapi? Tena ameandika mchana, mke wangu akiwa kazini. Hili si la kuachwa hivihivi. Nimefungua blogu mpya ya falsafa kwa jina la Bibi Mstaafu, nimwalike tujadili ukweli ni nini, nimnase. Mke wangu hajui. Nimemwambia Shemeji peke yake, naye ameapa kwa jina la dada yake kwamba hatamwambia mtu.