Mkono wa Mtani Kwenye Kona

Jumatatu, 4 Agosti

Ngumi basi. Nimestaafu rasmi leo asubuhi, wakati napiga mswaki. Hakukuwa na mtu wa kunipigia makofi, nikajipigia mwenyewe. Mimi Mwishehe, Nyundo ya Kisarawe, nimetundika glavu kwenye msumari wa mlangoni, na msumari umeng'oka. Watu wa Kibaha watasema nimestaafu kwa sababu ya kupigwa. Wivu tu! Nimestaafu kwa sababu nimepata mchongo.

Mchongo wenyewe ni mieleka ya kulipwa. Promota Zubeir anaiandaa hapa Maili Moja, Jumamosi ya wiki ijayo. Nimeenda kujiandikisha. Amenikaribisha vizuri, amenipa kiti, kisha akaniuliza mwenzangu yuko wapi. Mwenzangu gani? Ndipo akanieleza kuwa ni mieleka ya wawili wawili. Mmoja anapigana ulingoni, mwingine anasimama nje ya kamba kwenye kona, mkono kaunyoosha. Wa ndani akizidiwa anaugusa ule mkono, wanapokezana. Asiye na mwenza hapandi. Nikamwambia mimi natosha, nitakuwa natoka na kuingia mwenyewe huku nabadilisha fulana. Akacheka sana, akadhani natania.

Latifu alikuwepo. Tulianza ngumi pamoja, tukala sahani moja, sasa ana mwenza mpya na wamevaa bukta za kufanana. Ameniuliza kwa upole kama nimeshapata mtu. Upole wake ule unaniudhi kuliko matusi. Nimemjibu wako wengi, bado nachagua.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepitia majina yote kwenye simu. Isihaka, kocha wangu wa zamani, anasema nyonga inamsumbua. Fundi wa pikipiki hapatikani. Saida, aliyekuwa mke wangu, sijui hata kwa nini nimempigia, hawezi mieleka. Hakupokea. Mwezi huu walionitafuta ni kampuni ya simu peke yao, wameniandikia kuwa mimi ni mteja wa thamani. Nimeusoma ule ujumbe mara mbili.

Nimefanya mazoezi ya kupokezana na ufagio. Nimeuegemeza kwenye kitanda, nikajirusha kutoka mlangoni, nikaugusa. Ukaanguka. Hata ufagio!

Jioni nimekwenda kwa mama lishe. Nikamwambia aweke sahani mbili, kuna mtu anakuja. Nimekula zote mbili.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Nimepata mtu!

Nilikwenda mnadani, upande wa Mlandizi, nikijua penye ng'ombe hapakosi wenye nguvu. Dume moja likakata kamba, watu wote mitini, mimi wa kwanza. Akabaki jamaa mmoja mrefu mwenye shuka. Akalikamata pembe, akalilaza chini taratibu, kama mtoto anayelazwa mchana. Nikasema moyoni, huyu.

Anaitwa Kashinje, Msukuma, mfugaji wa Gwata. Nikajitambulisha kuwa ni Mzaramo wa Kisarawe. Macho yakamng'aa. Kumbe mtani! Sijamaliza hata kutaja jina la baba, kandambili yangu ya kushoto iko mkononi mwake, juu kabisa, nisikoweza kufika. Akawatangazia watu kuwa Mzaramo viatu vya nini, ngoma inachezwa pekupeku. Nikitaka kandambili niikomboe kwa soda. Ndio utani wetu tangu enzi za babu zetu: Msukuma anamnyang'anya Mzaramo, Mzaramo anamtukana Msukuma, na kukasirika ni mwiko. Nimeifuata soda kwa kurukaruka na mguu mmoja. Na mimi nikamwambia michembe ya viazi vikavu aliyokula utotoni imempanda kichwani. Tumecheka mpaka watu wakatugeukia. Nimejaribu kukumbuka mara ya mwisho kucheka na mtu, sikumbuki.

Amekubali kuwa mwenza wangu. Mpango wa siri, nauandika hapa tu: Kashinje atasimama kwenye kona kama pambo. Kupigana nitapigana mimi. Sifa zote zangu.

Jumapili, 10 Agosti

Mazoezi. Zubeir kasisitiza sheria ya kwanza ya mieleka: hakuna kukunja ngumi. Ebo! Unamwambia bondia asikunje ngumi? Kashinje kaninyanyua, kaniangusha, kaninyanyua tena. Nimemwambia namwachia ili ajiamini.

Baadaye kaingia chumbani kwangu bila hodi, kama ilivyo haki ya mtani. Kala ugali wangu, kateka mto wangu, kasema chumba hiki kimenyamaza kama nyumba iliyohamwa. Ule ni utani, najua, lakini ulinichoma kidogo. Kisha kaona nahangaika na bandeji za mikononi. Siku zote najifunga mwenyewe, ncha moja naivuta kwa meno. Kashinje kaniambia lete hapa. Kanifunga mikono yote miwili, bila kukaza sana.

Kaniuliza siku ya pambano nitampokeza wakati gani. Nikamwambia nikichoka. Sikumwambia kuwa Nyundo hachoki.

Jumatano, 13 Agosti

Kashinje hakuja leo, ng'ombe wake anazaa. Nilikuwa nimepika wali wa watu wawili. Kila pikipiki ikipita nachungulia dirishani.

Na jana nilimwona na Latifu barabarani, wanasalimiana, wanachekeana. Latifu kamnunulia soda! Soda ya mtani wangu! Roho imeniuma. Nimetafakari, nikapata mbinu. Nimemwambia Latifu, kwa siri na kwa nia njema, kuwa Kashinje ana upele mkali unaoambukiza, asimsogelee. Nilitegemea aogope. Latifu kahurumia, kanunua dawa, kamtumia mpaka Gwata. Kashinje kampaka ndama wake mwenye vidonda. Kanipigia simu jioni hii kunisifia Latifu kuwa ni mtu mwema kweli. Ndama anaendelea vizuri.

Jumamosi, 16 Agosti

Nitaeleza yote. Hapa hakuna wa kunicheka.

Uwanja umejaa. Wazaramo wenzangu wameshuka kutoka Kisarawe, Wasukuma wametoka vijiji vya Gwata na Janga, na fimbo zao. Sisi dhidi ya Latifu na mwenzake. Nimeingia mimi kwanza. Kashinje kasimama kwenye kona, mkono kaunyoosha. Latifu kanirusha, nikainuka. Kanirusha tena. Kashinje ananiita, njoo, niguse. Mimi nikamwonyesha ishara, tulia. Mwenzake Latifu kaingia akiwa hana hata jasho, kanibamiza. Njoo, niguse! Bado! Mkono wa Kashinje ulinyooka muda wote ule mpaka akawa anaushikilia kiwiko kwa mkono mwingine. Mimi nataka kumaliza mwenyewe.

Mwisho sikuweza kusimama. Nikatambaa. Nikafika kwenye kona, nikanyoosha mkono, na Kashinje akaurudisha wake nyuma! Kidogo tu, ncha ya vidole. Akasema kwa sauti, watu wote wasikie:

"Mzaramo, mkono wa Msukuma unakombolewa. Toa jogoo kwanza."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Wazaramo wanacheka, Wasukuma wanagonga fimbo chini, refa kajishika tumbo. Mzee mmoja wa kwetu kanipigia kelele nimjibu, nimwahidi mkia wa jogoo. Ndivyo inavyotakiwa. Unamwahidi mkia, watu wanacheka, anakushika mkono. Na mkono wake ulikuwa umeshaanza kurudi, niliuona.

Mimi nikakunja ngumi. Konde safi kuliko yote niliyopiga maishani. Miaka yote ya ngumi nililitafuta konde lile, na limempata mtani wangu, tena kwa hasira.

Kicheko kikakatika. Kashinje kaanguka nje ya kamba. Latifu kanilaza mabega chini, refa kahesabu, basi. Kashinje kainuka, kajipangusa mdomo. Hakukasirika. Kasimama ananitazama kama anasubiri nicheke, niseme ilikuwa utani. Nilikuwa na nafasi. Nikatazama pembeni. Kachukua fimbo yake na shuka yake, bandeji zangu zikiwa humo ndani, kaondoka na watu wake.

Amenitilia kitumbua mchanga. Yeye ndiye mwenye makosa.

Jumapili, 17 Agosti

Nimekwenda Kisarawe kwa mama, nikidhani habari hazijafika. Wapi! Nimemwamkia shikamoo, marahaba yake ilichelewa. Mama yangu, Bi Swaumu, alikuwa anamenya muhogo na hakuacha.

"Umempiga mtani wako kwa hasira? Mbele za watu?"

Nikaanza kueleza habari za jogoo, za mkono, za Latifu. Kanikatiza. Kasema siku mama huyu akifa, watani ndio watakaoshika mambo, ndio watakaochekesha waliofiwa, na mimi nitabaki nalia peke yangu kama mtoto wa kuokotwa. Kisha kainuka, kakamata jogoo wake mwekundu, kamfunga miguu, kanikabidhi. Hakunikaribisha kula. Nirudi Kibaha, nimpelekee mtani faini yake, basi.

Jogoo ananitazama vibaya.

Jumanne, 19 Agosti

Loyce, mke wa Kashinje, huleta maziwa Maili Moja asubuhi. Leo kanigongea. Kasema mumewe mdomo umeshapona, na ameniachia ujumbe.

"Anasema njoo na jogoo, yaishe. Anasema pia bandeji zako amezifua."

Nimemshukuru, nimefunga mlango, nimefikiri sana. Mtu umemvimbisha mdomo, halafu anakufulia bandeji? Kuna kitu hapa. Lazima ni mtego. Nikifika Gwata nitakuta ukoo mzima na fimbo. Au kibaya zaidi, nitakuta wananicheka.

Lakini nitakwenda. Jogoo anawika ndani na mwenye nyumba kalalamika.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimekwenda Gwata kwa pikipiki, jogoo mapajani. Njiani nimefanya mazoezi ya maneno. Mtani, nimekuletea mkia, mwili uko njiani. Dereva kacheka, nikajua ni maneno mazuri.

Nimeshuka mbali kidogo, nikatembea. Nimefika kwenye uzio wa miiba wa zizi, nikasikia kicheko. Nikachungulia. Kashinje kakaa kwenye kigoda, na pembeni yake nani? Latifu! Kaja kumwona ndama. Kiatu cha Latifu kiko mkononi mwa Kashinje, juu, na Latifu anakirukia. Latifu naye Mzaramo, nilisahau. Na pale kivulini palikuwa na kigoda cha tatu, kitupu.

Nimekitazama kile kigoda muda mrefu. Bila shaka kuna mgeni mwingine walikuwa wanamsubiri, mtu wao. Nimegeuka taratibu, jogoo nimemziba mdomo.

Nimempika leo hii hii. Jogoo mzima, mtu mmoja. Nyama yake ngumu sana. Nilipofika kwenye mkia nikauweka pembeni ya sahani.

Mama kapiga simu kuuliza kama jogoo kafika. Nimemwambia kafika. Sikudanganya, kafika mpaka kwenye uzio.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimeelewa kosa langu lote! Kosa ni wenza. Nisingekuwa na mwenza, nisingempiga. Hesabu rahisi, sijui kwa nini ilinichukua muda wote huu.

Zubeir anaandaa mieleka ya mmoja mmoja, ya vinyago. Unaficha uso, hakuna anayejua wewe ni nani, hakuna wa kukuomba jogoo. Nimempa fundi cherehani kitambaa chekundu, na jana kinyago kimekamilika. Kizuri mno. Kina matundu ya macho, kina mchoro wa radi kwenye paji la uso. Kinafungwa kamba nyuma ya kichwa.

Nimejaribu kukifunga. Mikono inafika, fundo halikai. Nimejaribu kwa meno, lakini meno yako ndani ya kinyago. Nimejaribu kuegemea kitasa cha mlango. Nikaushika ufagio, nikauacha.

Asubuhi Loyce kapita na maziwa, kagonga tena. Kasema Kashinje anauliza habari zangu, na bandeji anazo bado. Nilisimama nyuma ya mlango, kinyago usoni, kamba zinaning'inia mgongoni. Ningemfungulia angenifungia kamba mara moja, ana vidole vyepesi. Lakini angejua ni mimi. Siri ingeharibika. Nimebana pumzi mpaka hatua zake zikapotea.

Sasa nimekaa kitandani, mkono mmoja naandika, mwingine umeshikilia kamba nyuma ya kichwa. Nikiuachia, matundu ya macho yanashuka mashavuni na sioni ninachoandika. Hili ni dogo tu. Kesho nitatafuta mtu. Mmoja anatosha, wa kusimama nyuma yangu anifungie, halafu aende zake. Asije tu akajiona ni mwenzangu.