Msondo Wangu na Pilau ya Mwanaheri

Jumatatu, 4 Julai 1904. Kilwa Kivinje.
Ijumaa akida anamwoza binti yake. Mzee Bakary, mkubwa wetu wa ngoma, katangaza kuwa atakayepiga vizuri siku hiyo ndiye atakayeshika msondo. Msondo wangu! Miaka tisa naupiga mimi. Kwa nini leo ushindaniwe? Kuna mkono wa Pazi hapa, yule mpigaji wetu wa chapuo, ngoma ndogo.

Jumanne, 5 Julai.
Pazi kutwa yuko uani kwa Mwanaheri, mpishi wa harusi. Nikachungulia. Mwanaheri anaonja mchuzi, anatia chumvi kidogo, anaonja tena. Pazi anapiga chapuo polepole, anakosea, anarudia. Eti mazoezi ndiyo kuonja kwenyewe, asemavyo Mwanaheri. Uongo! Mimi sifanyi mazoezi. Utamu ukimalizwa jikoni, wageni watakula nini?

Jumatano, 6 Julai.
Mwanaheri kanichekea njiani. Nikaingiwa na hofu. Akasema moto mkali huunguza wali chini, juu ukabaki mbichi, na ngozi ya ngoma ni hivyo hivyo: ipashwe taratibu. Mbona aniambie mimi? Wamekula njama hawa, wanataka msondo wangu ulegee. Nitafanya kinyume.

Ijumaa, 8 Julai.
Wenzangu walipasha ngoma zao kwa makuti. Mimi nikachota makaa ya mkoko chini ya sufuria ya pilau. Yote. Ngozi ikakaza, ikalia vizuri ajabu. Pigo la kwanza, vigelegele. Pigo la tatu, pwaa! Mkono umo ndani ya msondo hadi kiwiko. Bwana harusi alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Pilau nayo ikatoka mbichi, wageni wakatafuna mchele kama kuku. Mwanaheri akafuata makaa yaliyodondoka mpaka kwangu, mwiko mkononi. Pazi akapiga hadi alasiri. Mzee Bakary kasema msondo ukishawambwa upya ni wa Pazi. Nimelia, tena kwa sauti.

Jumamosi, 9 Julai.
Nimefikiri sana, sasa nimewagundua. Mwanaheri alijua nitafanya kinyume, ndiyo maana akaniambia ukweli. Mwanamke hatari! Asubuhi kaniletea kisamvu, akanisihi nikajifunze pamoja na Pazi, kidogo kidogo. Kisamvu nimekula, baada ya kumwonjesha paka. Kujifunza nimekataa. Ngoma basi tena. Nimeshapeleka salamu Kiswere kwamba harusi yao ya mwezi ujao mpuliza zumari ni mimi. Zumari sijawahi kuishika, wala siishiki mpaka siku yenyewe.