Soko Waliyoijia na Nyavu

Dada zangu muliotoka Kibombo, leo sina uso wa kutoka nao nje. Ketini kwanza.

Munajua namna sisi wanawake wa Alunguli tumechoka kuvuka mto Lualaba na mihogo yetu kwenda soko ya ng'ambo, mutumbwi unayumba, kuku wanalia. Tukaomba soko ya upande wetu. Bwana Mukubwa, Muzungu anayetawala teritwari yetu, akakubali, lakini siku ya kwanza akute watu wengi. Akikuta uwanja mutupu, anaiondoa, na sisi turudi kwenye mutumbwi.

Nani ataenda kuwaita watu wa porini? Mimi. Mababu zangu walikaa na Waungwana, wale waliotoka pwani, Kiswahili changu kimenyooka kama mwiko. (Nilisema hivyo mbele ya wenzangu. Kwa sauti.)

Jana nikaenda. Kijiji chao kiko ndani ya pori kabisa. Kapita wao, musimamizi wa kijiji, akakusanya watu. Nikasimama, nikakohoa kidogo kama mukubwa.

"Kesho tunafungua soko pale Alunguli," nikasema. "Mukuje wote."

"Soko?" kapita akauliza. "Iko mukubwa?"

"Mukubwa sana, baba. Mihogo yenu, ndizi zenu, kuku zenu, yote itameza."

"Na Bwana Mukubwa amekubali muifungue?"

"Atakuwa pale mwenyewe. Lakini musipokuja kutusaidia, itavuka mto, hatutaipata tena."

Wanawake wakavuta watoto wao karibu. (Nilifikiri ni furaha.) Wanaume wakaapa watakuja hata mvua ikinyesha. Nikarudi nyumbani natembea kama bata.

Leo asubuhi nimevaa kikwembe kipya. Bwana Mukubwa amefika na karani wake, ameketi kwenye kiti katikati ya uwanja. Hakuna mutu. Sisi tu na mafungu yetu ya sombe, majani ya muhogo. Anaangalia saa yake, anatuangalia sisi. Mara tukasikia kengele za mbwa wa kuwinda, kah-kah-kah. Watu wangu hao! Wanaume peke yao. Mikuki mikononi, nyavu mabegani, mbwa mbele. Muhogo, hata mumoja.

"Wanawake wako wapi?" nikamuuliza kapita.

"Wamefunga milango. Soko inaiba watoto, mama, wewe mutu muzima hujui? Haya, iko wapi?"

"Njo hii. Umesimama ndani yake."

Akaangalia chini ya miguu yake.

Hapo njo nikaelewa. Sisi wa mujini, yule nyani mukubwa asiye na mukia tunamwita sokomutu. Wao wanamwita soko tu, basi. Nilikuwa nimewaalika waje kuona tunamufungulia kamba sokomutu mukubwa, mumeza kuku.

"Kiswahili cha Waungwana hicho," mwenzangu Mama Asha akasema nyuma yangu. "Kimeleta mbwa."

Ardhi ilikataa kupasuka. Na kumbe bado. Muzee mumoja wa mikuki alikuwa anamutazama Bwana Mukubwa, ile mikono ya manyoya mekundu, zile ndevu. Akaniinamia sikioni, lakini sauti yake ni ya kuitana porini:

"Mama, kumbe mumemuvalisha kofia."

Karani akageuka kando, mabega yanatetemeka.

"Huyu anasema nini?" Bwana Mukubwa akaniuliza.

"Anasifu kofia, Bwana."

Bwana Mukubwa akaigusa kofia yake, akatabasamu. Muzee akarudi hatua moja, akasema: "Na meno iko nayo."

Mimi nikaangalia sombe.

Kilichotuokoa ni nyavu. Njiani walikuwa wamekamata mboloko wawili, paa wale wadogo, wamewafunga kwenye muti. Wake wa polisi, walioletwa na kelele za mbwa, waliona nyama, wakawarukia. Huyu anavuta muguu, huyu anavuta kichwa, bei zinapigiwa kelele mupaka ng'ambo ya mto. Bwana Mukubwa akasimama, akatazama, akasema soko inabaki. Ila juma ijayo anataka kuona mihogo, na anataka kuona wanawake.

Wanawake wale wale waliofunga milango. Sasa nani atarudi porini kuwaambia wafungue? Mimi tena, wenzangu wamekwisha kuamua, hata hawakuniuliza. Basi musinicheke, dada zangu. Nisaidieni tu kutafuta neno lisilo na manyoya.